Kukata Bampa la Plastiki la Jimny na Kulipaka Upya: Mwongozo Kamili

Suzuki Jimny ya JB43, ile ya injini ya lita 1.3 iliyoacha kutengenezwa 2018, hutoka kiwandani na tairi za 205/70R15. Wenye nayo Kenya na Tanzania, hasa wanaoipitisha kwenye udongo mweusi wa Narok wakati wa masika au njia za mawe za kuelekea Ziwa Natron, hawakai na tairi hizo muda mrefu. Wanainyanyua inchi mbili kwa springi ndefu, wanaivalisha 235/75R15, halafu siku ya kwanza wanapokata usukani hadi mwisho ndani ya korongo wanasikia tairi likikwangua plastiki.

Hesabu yenyewe ni ya wazi. Tairi la kiwandani lina kipenyo cha milimita 668, na hilo jipya lina 733. Kwa hiyo ukingo wa tairi umesogea milimita 32 hivi kuelekea kwenye bampa, na upana nao umeongezeka milimita 30. Springi hunyanyua bodi juu, lakini hazilisogezi bampa mbele hata kidogo. Ukiwa umefunga na rimu zinazotokeza nje zaidi au spesa (vipande vya kusogeza gurudumu nje), tairi linapogeuka huzunguka duara kubwa zaidi na kugonga pembe ya bampa mapema. (Na ujue kwamba kipimo cha mwendo sasa kinakudanganya: kikisoma 80, gari liko karibu na 88.)

Wapo wanaotupa bampa zima na kufunga la chuma. Kwa Jimny, gari la tani moja na kitu, sioni sababu, labda uwe unafunga winchi. Chuma kizito mbele kinazilaza zile springi ulizotoka kuzinunua. Mimi nasema kata plastiki kidogo, kwa kufuata tairi wala si jicho, kisha ipake rangi ambayo pori likiikwaruza utairudishia mwenyewe uani kwako. Nitakwenda na JB43 kama mfano, lakini kazi ni ileile kwenye Hilux, Escudo, Prado au Pajero.

Vifaa

Huhitaji gereji. Tafuta spana na bokisi namba 10 na 12, bisibisi ya nyota na bapa, masking tepu pana, maka peni, kadibodi ya boksi la friji au televisheni, jigiso au msumeno wa chuma, drili na keekee za milimita 3, 6 na 12, tupa ya nusu duara, kisu cha kukatia chenye wembe mpya, na msasa namba 120, 180, 240 na 320. Hitigani, mashine ya kupuliza hewa ya moto, ni nzuri ukiipata kwa jirani. Kwa upande wa rangi: sabuni ya vyombo, spiriti, matambara safi yasiyotoa nyuzi, praima ya plastiki na rangi yenyewe. Miwani ya kinga ni lazima. Vipande vya plastiki huruka moja kwa moja machoni.

Kupima: tairi ndilo linalochora mstari

Watu wengi hukosea hapa, kabla msumeno haujaguswa. Wanaegesha gari kwenye sakafu, wanakata usukani, wanaona nafasi ya vidole viwili, wanaridhika. Gari likiwa limesimama sawa halikuambii chochote. Ekseli ya mbele ya Jimny ni ngumu, ya kipande kimoja, na imeshikwa na mikono miwili inayoanzia kwenye chesisi nyuma yake. Springi ikibonyea, ekseli haipandi wima. Inafuata upinde wa mikono hiyo. Juu ya hapo kuna fimbo ya ulalo inayoizuia isicheze kushoto na kulia, na fimbo hiyo huivuta ekseli pembeni kidogo kila inapopanda au kushuka. Ndiyo maana tairi la kushoto linaweza kugusa bampa wakati la kulia bado lina nafasi.

Kwa hiyo lipinde gari. Tafuta tuta, jiwe kubwa bapa au ngazi ya magogo imara, upandishe gurudumu la mbele la kushoto na la nyuma la kulia kwa pamoja, mpaka gurudumu la mbele la kulia lining'inie au lianze kuwa jepesi. Zima injini, weka gia, vuta hendibreki, kinga magurudumu yaliyo chini kwa mawe, ndipo mwenzako aingize mkono kupima. Pima usukani ukiwa katikati, ukiwa umekatwa kushoto hadi mwisho, kisha kulia hadi mwisho. Halafu geuza: kulia mbele, kushoto nyuma. Andika kila kipimo kwenye karatasi, maana vitachanganyika.

Kuna njia ya kuhakikisha vipimo vyako. Paka chaki ya shule kwenye mabega ya matairi ya mbele, endesha polepole juu ya matuta na mtaro huku ukikata usukani, kisha rudi uangalie chaki imebaki wapi kwenye bampa na kwenye plastiki ya ndani ya fenda. Alama hizo ndizo ramani yako.

Nafasi ya kuacha kati ya tairi na plastiki, tairi likiwa mahali pabaya zaidi, iwe sentimita 2.5 hadi 3. Ukipunguza hapo, tope lililogandamana kwenye meno ya tairi litaendelea kukwangua. Ukizidisha, unafungulia mawe na maji njia ya kwenda kwenye taa na nyaya bila faida yoyote.

Kulifungua bampa

Wapo wanaokata bampa likiwa bado garini. Inawezekana, ila utakata usichokiona. Nyuma ya pembe za bampa kuna nyaya za taa za ukungu, na kutegemea gari kunaweza kuwa na tangi la maji ya waipa, mabomba ya ubaridi wa eyakondishena au sensa. Lifungue. Kazi yenyewe si kubwa.

Anza na skrubu zilizo ndani ya upinde wa gurudumu, pale bampa linapokutana na fenda; ndizo zenye kutu na ndizo zitakazokupa shida, kwa hiyo zipulizie mafuta ya kulegeza kutu usiku uliotangulia. Kisha fungua boneti utoe klipu na boliti za juu, halafu za chini. Klipu za plastiki zina kitufe katikati: nyingine hubonyezwa, nyingine hunyanyuliwa kwa bisibisi bapa. Zilizozeeka zitavunjika, usihangaike nazo. Mtaa wa Gerezani pale Kariakoo, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road Nairobi zinauzwa kwa mfuko. Piga picha kwa simu kila hatua. Pembe ya bampa hutolewa kwa kuivuta kuelekea kwako, si mbele. Kabla hujalivuta lote, chomoa soketi za taa za ukungu. Plastiki ya miaka kumi na tano hupasuka ukiilazimisha asubuhi ya baridi, basi liache gari juani saa moja kwanza.

Kumbuka kwamba bampa la plastiki ni ngozi tu. Kinachobeba mgongano ni chuma kilicho nyuma yake. Chuma hicho, na sensa zozote zilizofungwa karibu nacho, usiviguse kwa msumeno hata kama vinaonekana vimekaa njiani.

Kuchora

Geuza bampa uangalie upande wa ndani. Mahali fulani kuna maandishi madogo yaliyogandishwa kwenye plastiki, kama >PP< au >PP+EPDM<, wakati mwingine na T na namba inayoonyesha kiasi cha unga wa talki uliochanganywa. Mabampa mengi ya kisasa ni ya jamii hii ya polipropilini (PP). Ukikuta ABS au PUR, ambazo ni plastiki za aina nyingine, kazi ya kukata ni ileile lakini ya kuunga na kupaka itabadilika. Yakumbuke maandishi hayo, tutayarudia.

Funika eneo lote la kukatwa kwa masking tepu, nje na ndani. Hamisha vipimo vyako kwenye kadibodi, ikate, ijaribishe upande mmoja, kisha igeuze kwa ajili ya upande wa pili. Kama upande mmoja ulihitaji kukatwa zaidi, tumia kipimo chake kwa pande zote mbili. Tofauti ya sentimita moja kati ya pembe mbili za bampa huonekana toka ng'ambo ya barabara. Pima kutoka kwenye tundu la boliti au pembe ya taa. Usipime kutoka chini, kwa sababu springi zilizochoka hulilaza gari upande.

Chora mistari miwili. Mmoja ni wa mwisho, na mwingine uko milimita 10 upande wa kubaki na plastiki nyingi. Utakata huo wa pili kwanza. Mstari uwe na mwendo: ufuate upinde wa fenda, au ushuke kwa mshazari kutoka chini ya taa kwenda katikati. Popote mstari unapobadilisha mwelekeo kwa ghafla, toboa kwanza tundu la milimita 12 kwenye kona hiyo, kisha kata kuelekea tundu. Kona kali ya ndani ndipo ufa unapozaliwa, na Jimny inavyotikisika kwenye barabara yenye mikunjo kama bati haitachukua muda.

Angalia pia namba ya gari na taa. Vyote hivyo lazima vibaki vinaonekana na vimeshikwa vizuri. Na kama una bima kubwa, mjulishe wakala wako kwamba umebadilisha bampa na tairi kabla hajaja kuligundua mwenyewe.

Kukata

Polipropilini huyeyuka kwenye nyuzi joto 160 na kidogo. Fundi atakayekuja na grenda atakuonyesha maana yake: diski inazunguka kasi, plastiki inayeyuka badala ya kukatika, inaganda nyuma ya diski, moshi unapanda, na ukingo unabaki na ndevu ngumu ambazo utazifuta kwa msasa jioni nzima. Grenda ikinasa, inaruka kuelekea kwa mtu. Sikatai kwamba kuna wanaokata vizuri kwa grenda, ila hao wamekwisha kuharibu mabampa ya watu wengi.

Jigiso ndiyo inayofaa. Weka wembe wa meno ya wastani, punguza kasi hadi chini ya nusu, bandika tepu kwenye bapa la jigiso lisikwangue, na mwache mtu ashike bampa karibu na mstari ili lisitetemeke. Ukiona vumbi linatoka kama punje, uko sawa. Likianza kutoka kama uzi mlaini au mpasuko unajifunga nyuma yako, wembe umepata moto; simama upoe.

Huna umeme? Msumeno wa chuma unatosha kabisa, maana plastiki yenyewe ni milimita tatu hivi. Pale fremu isipopita, toa wembe, uuzungushie tambara upande mmoja, uushike kwa mkono. Mistari iliyonyooka unaweza kuichanja kwa kisu kwa kufuata rula, ukirudia bila kukandamiza mpaka ikatike.

Baada ya kukata mstari wa kwanza, lirudishe bampa garini kwa boliti mbili tatu, ukajaribu tena kwenye tuta. Huu ni usumbufu, najua. Mara nyingi utagundua kwamba sehemu moja haihitaji kukatwa zaidi na nyingine inahitaji hadi mstari wa mwisho. Plastiki ya ndani ya fenda nayo itakuwa imeguswa; ikate kwa kisu, au ipashe moto kwa hitigani uisukume nyuma na kuifungia hapo kwa klipu.

Vipande ulivyokata usitupe hata kimoja.

Ukingo na uimara

Bampa linapotoka kiwandani lina mdomo, ile mikunjo ya sentimita moja au mbili inayorudi ndani chini na kwenye upinde wa gurudumu. Mdomo huo ndio unaolifanya liwe gumu. Ukishaukata, pembe inalegea na kupepea gari likikimbia. Kuna njia mbili za kuurudisha.

Ya kwanza ni kukunja mdomo mpya. Hapo ulitakiwa uache milimita 15 za ziada wakati wa kukata. Pitisha hitigani huku na huku bila kusimama, umbali wa kiganja, mpaka plastiki ianze kung'aa na kulegea, kisha ikunje juu ya kipande cha mbao kilicholainishwa pembe na uishike hapo kwa tambara bichi mpaka ipoe. Fanya sentimita 20 kwa wakati mmoja. Kwenye upinde mkali kata mapengo madogo ya V, la sivyo itajikunjakunja. Jaribu kwanza kwenye kipande ulichokata.

Ya pili, na ndiyo ninayoipenda, ni kufunga flati ya alumini ya upana wa milimita 20 upande wa ndani, ikifuata ukingo, kwa ribeti zenye washa. Ni nyepesi, haishiki kutu, na unaweza kuipinda kwa mkono.

Ikiwa umekata sehemu iliyokuwa na boliti ya chini, tengeneza kishikio cha L kwa flati ya chuma ya milimita 3 kutoka kwenye chesisi, na utumie boliti za M6 na washa pana. Tundu la upande wa plastiki liwe refu kidogo. Bampa la mita moja na nusu hurefuka milimita kadhaa kati ya alfajiri ya baridi na saa nane ya jua kali, na likibanwa pande zote litavimba au kupasuka.

Ukingo wenyewe usafishe kwanza kwa wembe wa kisu ulioshikwa wima, ukiukwangua kuelekea kwako. Unatoa ndevu haraka kuliko msasa. Kisha tupa, kisha msasa 120, 180 na 240. Usiupitishe moto wa kiberiti cha gesi. Unaacha masizi na uvimbe ambao rangi itauonyesha wote.

Nyufa: tumia mabaki

Mafundi wetu wa mtaani hushona bampa lililopasuka kwa waya wa shaba, na kusema kweli ushonaji huo unashika. Shida yake ni kwamba hauwezi kufichwa. Sasa kwa kuwa umekata bampa, una kitu ambacho fundi wa mtaani hana: plastiki ya aina ileile kabisa, kutoka bampa lilelile. Kuunga plastiki kwa moto kunahitaji plastiki zinazofanana. PP haishiki kwa ABS, na gundi za epoksi za kawaida hubanduka kwenye PP.

Kata mabaki kuwa vijiti vya milimita 5. Toboa tundu la milimita 3 mwishoni mwa ufa ili usiendelee. Upande wa ndani, chimba mfereji wa V kufuata ufa, nusu ya unene. Kwa chuma cha solda chenye ncha pana, zamisha kipande cha wavu wa chuma kisichoshika kutu, kisha yeyusha kijiti juu yake huku ukiyeyusha na kingo za mfereji, zichanganyike. Ukiyeyusha kijiti peke yake kitakaa juu tu na kubanduka. Acha ipoe yenyewe, geuza, rudia nje bila wavu, ukiacha kijiuvimbe cha kusawazisha. Fanya mahali penye upepo, moshi wake haufai kuvutwa.

Puti ya kawaida ya bodi haifai hapa. Ni ngumu, bampa linapinda, na itaruka kipande kizima. Kama lazima ujaze, nunua iliyoandikwa kuwa ni ya plastiki.

Kusafisha, na kusafisha tena

Ugumu wote wa kupaka bampa uko kwenye jambo moja: polipropilini haipendi kushikwa na kitu. Rangi iliyopakwa juu yake bila maandalizi hukaa kama maji juu ya jani la gimbi. Kiwandani huipitisha kwenye miali ya moto au kemikali maalumu. Wewe una sabuni, msasa na praima.

Osha bampa lote kwa sabuni ya vyombo na brashi ngumu, ndani ya mikwaruzo na vinyweleo vya plastiki, suuza, kausha. Kisha spiriti kwa matambara mawili: la kwanza lililolowa hulegeza mafuta, la pili kavu huyaondoa kabla spiriti haijakauka. Ukitumia moja unasambaza tu. Petroli usiitumie, inaacha utando. Adui mkubwa zaidi ni ile dawa ya kung'arisha tairi na dashibodi inayopakwa kwenye sehemu za kuoshea magari. Ina silikoni, inaingia kwenye kila kinyweleo, na rangi ikipulizwa juu yake hufunguka vijishimo vya mviringo kama macho ya samaki. Kama bampa lako limekuwa likipakwa dawa hiyo, rudia usafi wote mara ya pili na ya tatu. Fanya usafi kabla ya msasa, sio baada tu. Msasa huizamisha silikoni ndani zaidi.

Bampa jipya la kuagiza nalo linaoshwa vivyo hivyo, kwa sababu lina nta ya kulitolea kwenye kalibu ya kiwandani.

Kusaga: kama bampa ni la plastiki tupu iliyofifia kijivu, msasa 180 hadi 240 kwa wepesi, na kwenye vinyweleo tumia sponji ya kukwangulia. PP hutoa manyoya ukiikandamiza. Msasa uwe mpya, mkono uwe mwepesi, na maji yasaidie. Kama bampa lilikuwa na rangi ya kiwandani iliyoshika vizuri, usiiondoe; isage kwa 320 mpaka mng'aro uishe, na uende hadi plastiki pale tu inapobanduka. Maliza kwa spiriti tena, na baada ya hapo usiguse kwa mkono mtupu.

Rangi gani?

Nianze na zisizofaa. Mafuta na dawa za kurudisha weusi hupendeza wiki mbili, mvua inazipeleka. Kupasha plastiki kwa hitigani hurudisha weusi kweli, lakini jua la kwetu huurudisha ukijivu ndani ya miezi, na kila unapopasha unazidi kulainisha vinyweleo mpaka vinatoweka. Rangi inayong'aa ya rangi ya gari, yenye laka, ni nzuri kwa gari la mjini. Kwa gari linalopita kwenye migunga, kila tawi litaacha mstari mweupe, na kurekebisha mstari mmoja ni kusaga na kupaka upande mzima.

Zinabaki mbili. Rangi ya bampa ya kopo la kupuliza, nyeusi isiyong'aa na yenye chembe, ni rahisi, ya sehemu moja, na unaiweka kopo garini. Ya pili ni ile mipako ya bodi ya nyuma ya pikapu, pale pa kubebea mizigo, kama Raptor, inayochanganywa sehemu tatu za rangi kwa moja ya hadina (dawa ya kuigandisha). Ni ngumu zaidi, inastahimili mawe, na chembe zake huficha mikwaruzo na viungo.

Lakini nyingi kati ya rangi zenye hadina zina isosayaneti, kemikali mbaya kwa mapafu. Ukivuta ukungu wake unaweza kupata pumu ambayo haitaondoka, na mwili ukishazoea kuikataa, kiasi kidogo tu cha baadaye kinatosha kukulaza. Barakoa ya kitambaa au ya hospitali haizuii kitu. Anayeipuliza anatakiwa awe na kofia ya kupumulia inayolishwa hewa safi kutoka nje ya eneo, avae glavu na nguo ndefu, na watoto na majirani wawe mbali. Kama huna hayo, mpe fundi aliye nayo, au tumia rangi ya kopo isiyo na hadina mahali pa wazi. Mimi kwa bampa peke yake ningechagua kopo.

Chochote utakachochagua, juu ya plastiki tupu lazima itangulie praima ya plastiki. Pitisha tabaka moja au mawili membamba, karibu kutoonekana, na uheshimu dakika zilizoandikwa kwenye kopo: ukiwahi inanasa, ukichelewa inapoteza kazi yake. Praima hii haisagwi.

Pakia kwenye kivuli, si juani. Mombasa, Dar na Unguja epuka alfajiri yenye umande na jioni. Unyevu hufanya rangi ipate ukungu mweupe. Saa tatu hadi tano asubuhi siku kavu ndiyo nafuu. Dodoma au Nairobi adui ni vumbi, basi mwaga maji sakafuni na upulize mahali upepo haufiki. Ning'iniza bampa kwa kamba au liweke juu ya boksi ili ufikie kingo zote.

Tikisa kopo dakika mbili kamili baada ya kusikia gololi. Puliza kingo ulizokata kwanza, maana ndizo hula rangi na ndizo hubanduka mwanzo. Umbali wa sentimita 20 hadi 25, anza kupuliza kabla hujafika kwenye bampa na uache baada ya kulipita. Tabaka la kwanza liwe kama vumbi tu, plastiki ionekane chini yake. Subiri dakika kumi, la pili, kisha la tatu. Kutaka kufunika kwa mara moja ndiko kunakoleta machozi ya rangi.

Sasa chukua kile kipande cha mabaki. Ulipaswa kukisafisha, kukisaga na kukipaka kwanza siku kadhaa kabla, kwa vifaa vilevile. Kikikauka vizuri, chora gridi ndogo kwa wembe mpaka kwenye plastiki, bandika masking tepu, ikandamize, ivute kwa ghafla. Miraba ikibaki, endelea na bampa. Ikiondoka na tepu, tatizo ni usafi au praima, na umelijua kwa gharama ya kipande cha takataka.

Kurudisha

Rangi ya kopo hushikika baada ya saa chache, lakini inakuwa bado haijawa ngumu. Lipe bampa usiku mzima kabla ya kulifunga, na wiki moja kabla ya kuliosha kwa mashine ya presha.

Wakati bampa liko chini, safisha chuma kilichofichuka kwa brashi ya waya na ukipake rangi ya kuzuia kutu. Kisha fikiria tairi litarusha nini na wapi. Pale palipokuwa na plastiki sasa pana njia ya wazi hadi kwenye soketi ya taa na, kwa magari mengine, kondensa ya eyakondishena. Kata kipande cha tyubu nene ya lori au mkanda wa mashine, ukifunge kwa boliti kama pazia nyuma ya pembe. Kinapinda tairi likikigusa na kinazuia kokoto.

Unganisha soketi, weka bampa, ingiza boliti zote kwa mkono kabla ya kukaza hata moja. Linganisha nafasi ya kushoto na kulia chini ya taa, ndipo ukaze, kwa mkono mwepesi. M6 kwenye plastiki haihitaji nguvu. Washa taa za ukungu, uangalie mwanga wake ukutani haujainuka. Raba ya ukingo yenye chuma ndani, ile inayouzwa kwa mita kwenye maduka ya spea, ivishe mwisho kabisa, na kwenye sehemu ya chini kabisa itoboe matundu mawili madogo maji ya tope yatoke.

Rudi kwenye lile tuta na chaki yako. Baada ya safari ya kwanza yenye tope, kagua upinde wa ndani: sehemu iliyong'aa ni mahali tairi bado linapita, itoe milimita tano kwa tupa na upulize rangi palepale. Kaza boliti za vishikio upya baada ya kilomita mia chache za barabara mbaya, maana washa pana huzama kidogo kwenye plastiki.